Bangili ya umeme tuli isiyo na waya: mafundi wenzangu, msinunue

Natengeneza kompyuta Dodoma. Kuanzia Juni hewa ya huku hukauka mpaka midomo inapasuka, na ukivua sweta gizani unaziona cheche za umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini. Msimu kama huo ndio niliopoteza RAM (vipande vya kumbukumbu ya kompyuta) mbili za mteja. Asubuhi nilizipima zikiwa nzima, jioni kompyuta ikagoma kuwaka. Mkononi nilikuwa nimevaa bangili ya kukinga vifaa na umeme huo, ila ile isiyo na waya, niliyoinunua kwa kuwa waya wa ile ya kawaida ulinikera. RAM nilizilipa mwenyewe.

Wauzaji husema bangili hiyo humwaga umeme wa mwilini hewani. Lakini umeme hauruki kwenda hewani kirahisi; hata kwenye ncha kali ya chuma, lazima kwanza ufike maelfu ya volti. Sasa linganisha: mtu huanza kuhisi cheche kwenye volti kama 3,000, na kuna chipu zinazokufa chini ya volti 100. Kwa hiyo unaweza kuua kifaa bila kuhisi chochote. Kibaya zaidi, chipu nyingine haifi papo hapo. Inajeruhiwa tu, mteja anaondoka ameridhika, kisha baada ya wiki kadhaa anarudi analalamika, na wewe unaanza kulaumu umeme wa mtaani.

Kazi yote ya bangili hufanywa na ule waya. Unaunganisha mwili wako na ardhi, au na bodi ya chuma ya kompyuta, ili pasiwe na tofauti ya volti kati yako na unachokishika. Ukiukata waya, umebaki na pambo.

Ndani ya bangili ya kweli kuna rezista, yaani kizuia mkondo wa umeme, ya megaomu 1. Hiyo ni kwa usalama wako: ukigusa volti 230 kwa bahati mbaya, kinachopita kwenye bangili hakifiki robo ya miliampea. Ndiyo maana msijitengenezee kwa waya mtupu. Na mkifungua pawasaplai (kisanduku kinachoipa kompyuta umeme) au televisheni iliyo kwenye umeme, vueni kabisa.

Kabla ya kuanza kazi, vaa bangili, shika ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwa vidole na nyingine iguse kibanio kilicho mwisho wa waya. Isome megaomu 1 na kidogo juu yake. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani au bangili imelegea; ivae igusane na ngozi, si juu ya mkono wa shati.

Kibanio kishike chuma kisicho na rangi. Nyumba nyingi tunazofanyia kazi zina soketi ya matundu matatu ilhali waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, haukuvutwa kamwe, basi msiitegemee soketi kabla hamjaipima. Usipokuwa na bangili siku hiyo, shika bodi ya chuma kila mara kabla ya kugusa RAM, na sweta liache kwenye kiti.