Kabla ya kuandika programu, nenda kahesabu vikoba

Vijana wengi wanaonionyesha mipango ya programu zao za simu huanza na sensa. Mwaka 2022 tulihesabiwa Watanzania 61,741,120, kwa hiyo wakipata asilimia moja tu, tayari wana wateja zaidi ya laki sita. Huwa nawaomba waifute hesabu hiyo. Hiyo asilimia moja hakuna aliyeipima. Laini za simu nazo zinapotosha: kwa takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimeshazidi idadi ya watu, maana wengi wetu tunatembea na mbili au tatu.

Hata kampuni kubwa hukwama hapa. M-Pesa ilishika kasi Kenya tangu 2007. Vodacom walipoipeleka Afrika Kusini mwaka 2010 walilenga wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Wakaifunga 2016, wateja hai wakiwa kama 76,000. Watu walikuwepo na simu walikuwa nazo. Ila wengi walikuwa na akaunti za benki na kadi, na hela ilikuwa na njia nyingine za kufika nyumbani.

Mimi nilipopima soko la programu ya hesabu za vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana, nilianzia kwenye kata. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na usajili unapitia halmashauri, hivyo afisa maendeleo ya jamii ni mtu wa kumtafuta mapema. Muulize vingapi viko hai, kwa sababu kusajiliwa na kukutana kila wiki ni mambo mawili.

Kisha omba ruhusa ukae kwenye kikao. Utaona sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Hela inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, katibu anaandika kwenye kaunta buku, na mama wa pembeni anamsahihisha bila kuangalia popote. Programu yako inashindana na imani hiyo, na ni imani ya kuheshimiwa.

Sasa piga hesabu. Tuseme kata ina vikundi hai 60, kila kimoja na watu 15 hadi 30. Usizidishe kwa wanachama! Anayelipa ni kikundi, kutoka kwenye mfuko wake. Toa ambavyo katibu hana simu janja, toa vilivyoridhika na daftari. Vikibaki 20, kwa shilingi 5,000 kwa mwezi, kata nzima inakupa laki moja. Je, nauli na mshahara wa wakala vinatoka humo?

Usiwaulize kama wataipenda programu. Mgeni hanyimwi jibu zuri. Uliza mwaka jana walitumia shilingi ngapi kutunza au kurekebisha hesabu, halafu waombe walipie mwezi wa kwanza palepale. Wanaotoa hela ndio wa kuandika.

Na angalia kalenda. Vikundi vingi huvunja mzunguko Desemba, wakagawana, ada za shule zikalipwa, wakaanza upya Januari. Katibu hatahamisha madeni ya watu katikati ya mwaka. Juni jaribu na vikundi vichache vilivyo tayari kukuvumilia. Bajeti ya mauzo iweke Novemba, wakati katibu anakesha na kikokotoo akitafuta mgao wa kila mtu.