Gemu niliyoipigia kelele ilifutwa, niliyoiacha nikaenda kupasha chai ikabeba tuzo

Mleta mada, salaam. Umeuliza mambo mawili: je, tukitazama maonyesho ya gemu mpya tunajuaje ipi ni ya kweli, na je, hela uliyoitunza kwa ajili ya PS5, mashine ya gemu ya Sony, uanze kuigawa kulipia mapema gemu zilizotangazwa. Wakuu waliotangulia wamekujibu kwa mkato, huyu "lipia", yule "achana nazo". Mimi nitakujibu kwa kaunta buku, kwa sababu ninayo.

Kaunta buku hiyo niliianza 2015 nilipokuwa na kibanda cha gemu Temeke. TV tatu, pedi zimefungwa rababendi, na deni la Luku lisiloisha. Nilikuwa naandika mapato upande wa mbele, na upande wa nyuma nikaanza kuandika gemu zinazotangazwa, alama niliyoipa usiku ule ule, na nafasi tupu ya kujaza itakapotoka. Wazo lilikuwa la kibiashara: nijue CD gani nitafute Kariakoo kabla jirani hajaipata. Sasa ukiusoma ule upande wa nyuma unaona kichekesho kitupu, na kichekesho chenyewe ni mimi.

Ukurasa wa kwanza ni onyesho la Sony la Juni 2015 kule Los Angeles. Kwao ilikuwa jioni ya tarehe 15, kwetu saa kumi alfajiri ya tarehe 16. Usiku ule wanausimulia mpaka leo kwa sababu ya vitu vitatu: The Last Guardian iliyoonyeshwa mara ya kwanza 2009 kisha ikapotelea gizani, Final Fantasy VII kutengenezwa upya, na Shenmue III kuomba michango kwa umma. Watu ukumbini wanapiga mayowe, wengine machozi yanawatoka. Mimi na bando langu la usiku nimekaa nawaangalia kama mtu aliyeingia msibani asijue aliyefariki ni nani. Final Fantasy VII ilikuwa haijawahi kupita kibandani kwetu. Sisi tumelelewa na Winning Eleven, Tekken, God of War na San Andreas. Nilichopigia mstari usiku ule kilikuwa Horizon Zero Dawn, na maandishi yangu yanasema hivi: "dada, upinde, madubwana ya chuma. HII."

Hapo ndipo nilipoanza kustuka kidogo. Kelele za watu kwenye maonyesho mara nyingi hazihusu gemu iliyo mbele yao. Zinahusu chumba walichokaa wakiwa na miaka kumi na mbili. Shenmue III ilikusanya dola milioni 2 ndani ya saa zisizofika tisa, ikamaliza na zaidi ya milioni 6, ikatoka Novemba 2019. Final Fantasy VII yenyewe ilitoka Aprili 2020, tena sehemu ya kwanza tu. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza 2015 akiwa na hamu ya gemu hiyo, ilipotoka yuko kidato cha tano, tena amekaa nyumbani shule zimefungwa kwa corona. Horizon ilitoka 2017 na ikawa nzuri kweli, kwa hiyo nikajiona nina jicho. Mkuu, jicho gani.

Twende kwenye ukurasa unaoniumiza, Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024, onyesho la Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, saa mbili usiku kwa saa zetu. Nilikuwa na mpwa wangu sebuleni. Yaliyopita ni mengi: Doom: The Dark Ages, Fable, Indiana Jones, South of Midnight, Gears of War: E-Day ikafunga pazia. Katikati ikaja Perfect Dark.

Hapa lazima ujue historia yangu. Mtoto wa mama yangu mkubwa alikuwa anafanya kazi Muscat, akarudi likizo na Nintendo 64. Mtaa mzima haukuwa na kitu kile. Humo ndimo nilimokutana na Joanna Dark, mhusika mkuu wa Perfect Dark ya mwaka 2000, nikiwa sijui hata neno moja la maelezo yaliyoandikwa kwenye skrini, nafyatua risasi tu mpaka mama anazima swichi kuu. Kwa hiyo Joanna alipotokea 2024, Cairo, anaruka mapaa, anaiga sauti za watu, nilisimama. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mpwa akaniuliza, "Mjomba, huyo nani?" Sikumjibu. Nikaandika 10/10 na mistari mitatu chini yake.

Kabla ya hapo ilikuwa imepita trela nyingine, nikaona wanaume na wanawake waliovaa nguo za kizamani za Kifaransa, watu wanapigana kwa zamu. Nikamwambia mpwa anishikie, naenda kupasha chai. Niliporudi akanisimulia: kuna jimama linaandika namba juu ya jiwe kubwa, na wenye umri wa namba ile wanayeyuka kama moshi, kila mwaka namba inashuka. Nikacheka. Kwenye kaunta buku kuna maneno haya, naomba msinicheke sana: "Wafaransa. Zamu kwa zamu. Hapana." Gemu hiyo inaitwa Clair Obscur: Expedition 33.

Unajua kilichofuata. Expedition 33 ilitoka tarehe 24 Aprili 2025, ikauza nakala milioni moja ndani ya siku tatu, na Desemba ikachukua Gemu ya Mwaka kwenye The Game Awards, hafla ya tuzo za gemu, pamoja na tuzo nyingine nane. Studio yake ya Montpellier ina kama watu thelathini tu kwenye kiini chake. Perfect Dark nayo ilifutwa Julai 2025, siku ile ile Microsoft ilipotangaza kupunguza watu takriban elfu tisa, na studio iliyokuwa inaitengeneza ikafungwa. Ilikuwa imetangazwa tangu Desemba 2020. Siku hiyo hiyo ikafutwa pia gemu nyingine, Everwild, iliyokuwa inatusubirisha tangu 2019. Nafasi tupu niliyoiacha mbele ya ile 10/10 mpwa ndiye aliyeijaza. Alichora kaburi.

Nikarudia kuzitazama trela zote mbili bila kelele. Ile ya Wafaransa ilikuwa inaonyesha menyu ya mapigano, vitufe vya kubonyeza, namba za madhara, wakati wa kukinga. Yaani ilikuwa inakuambia utafanya nini ukishika pedi. Na mwishoni iliandika mwaka: 2025. Trela ya Joanna haikuwa na tarehe, haikuwa na mwaka. Nilikuwa nimeiona na macho yangu hayakutaka kuiona. Nikapita ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu. Zilizoandikwa mwaka karibu zote zilifika, nyingine zikichelewa: Indiana Jones Desemba 2024, Avowed ikateleza mpaka Februari 2025, Doom Mei 2025. Fable iliandikwa 2025 ikasogezwa 2026, basi nayo tunaivumilia. Zisizo na mwaka ndizo zilizobaki zinaelea. Si sheria ya Musa, lakini kama mtu anakuonyesha kiwanja halafu hataki kutaja hati, unajua la kufanya.

Na msidhani ni ugonjwa mpya. Killzone 2 ilionyeshwa 2005 kwa filamu iliyotengenezwa kabla, watu wakaaminishwa kwamba ndiyo PS3 yenyewe inavyochezwa. Gemu ikatoka 2009. Ilikuwa nzuri, nimeicheza, lakini miaka minne watu walikuwa wanabishana vijiweni kuhusu katuni.

Kuna maonyesho mawili nitayataja tofauti, kwa sababu huko kelele zangu hazikutoka utotoni.

La kwanza ni The Game Awards ya Desemba 2023. Kwetu ilianza usiku wa manane umeshapita, nikawa nasinzia. Akapanda jukwaani Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek, mhusika mkuu wa gemu ya Assassin's Creed Origins. Akaanza kuzungumza kuhusu kifo cha baba yake, kisha ikaonyeshwa Tales of Kenzera: Zau. Kijana mganga anamtaka Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake. Hadithi za Kibantu, vinyago vya jua na mwezi. Na inachezwa kwa sauti za Kiswahili. Ilitoka Aprili 2024, miezi minne tu baada ya kutangazwa, na hilo peke yake linastahili pongezi. Haikuja PS4, kwa hiyo tuliicheza kwenye kompyuta ya mpwa. Mama alikuwa pembeni anachambua mchele, hana habari na gemu, maisha yake yote anaziita "hayo mafyatuzi yenu". Aliposikia kijana analia "Baba" kwenye spika akaacha ungo. Akauliza, "Huyo mtoto kafiwa?" Akasogeza mkeka, akakaa kutazama mpaka saa ya kuinjika mchele ikapita. Kama mchezo, nitakuwa mkweli, mapigano yanajirudia na ni mfupi. Nimeupa 7. Lakini hakuna 10 kwenye kaunta buku ile iliyomfanya mama aache ungo.

La pili ni Juni 2025, Relooted ya studio ya Nyamakop ya Afrika Kusini. Wewe na kikosi chako mnavamia makumbusho ya Magharibi kurudisha vitu 70 vya Afrika, na ni vitu vya kweli vilivyoko nje hadi leo, ikiwemo Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, Kenya. Unapanga njia ya kutokea kwanza, ndipo unachukua kitu na kukimbia. Hiyo trela nilitazama mara tatu mfululizo na bando likaisha.

Sasa hela yako. Usilipie mapema. Nasema hivi kwa machungu, maana nimewahi. Jina la gemu naliweka kapuni na la muuzaji wa kadi za zawadi vilevile. Nilinunua kadi kwa mtu, nikalipia gemu kubwa miezi minne kabla kwenye akaunti niliyofungua kwa nchi nyingine, maana yetu haipo kwenye orodha ya duka lile. Siku ilipotoka, kwanza ikataka masasisho yaliyokula bando la wiki mbili, pili kwenye konsoli yangu ilikuwa inakwama kila baada ya dakika ishirini. Kuomba hela irudi nikaulizwa kadi ya benki ya nchi ile. Sina. Na kumbuka, sababu ya zamani ya kulipia mapema ilikuwa CD kuisha dukani. Faili la kupakua haliishi, mkuu. Hakuna foleni.

PS5 nunua kama tayari kuna gemu nne au tano ambazo zimeshatoka, umeona watu wa kawaida wanazicheza, na unazitaka leo. Ukiweza kuzitaja hapa bila kufungua YouTube, nenda kanunue. Kama sababu ni trela, kaa na hela yako, bei za CD za mkononi hushuka zenyewe wenye haraka wakishamaliza. Chukua yenye sehemu ya CD, siyo ile ya kupakua tu, kwa sababu CD ukimaliza unabadilishana na mwenzako. Gharama ya bando uijumlishe kwenye bei ya gemu, wengi hawaijumlishi.

Mpwa sasa ana ukurasa wake kwenye kaunta buku. Gears of War: E-Day ameipa 10, ameichorea na moto. Nilimuuliza tarehe yake iko wapi, akaniambia mjomba acha roho mbaya.

CD ya Horizon ninayo, imekaa kabatini haina mikwaruzo. Kama uko upande wa Temeke njoo PM, ila uje na ya kubadilishana.