Mlonge, ini la panya na dawa za TB

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58 na yuko mwezi wa pili wa dawa za TB. Nimesoma kuwa wanasayansi wamegundua mlonge unalikinga ini lisiharibiwe na dawa hizo. Nimeshanunua unga wa majani yake. Nimpe vijiko vingapi kwa siku? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini swali lako limefika panapohusika.

Utafiti wa aina hiyo upo. Mmoja ulifanywa India na kuchapishwa mwaka 2002. Panya waliopewa dawa tatu za TB, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, pamoja na dondoo la majani ya mlonge, ini lao liliumia kidogo kuliko la wenzao waliopewa dawa peke yake. Sina ugomvi na matokeo hayo. Ugomvi wangu ni kuyatoa kwenye kizimba cha panya na kuyamimina moja kwa moja kwenye kikombe cha mama.

Tuanze na kipimo. Katika tafiti za namna hii panya hupewa mamia ya miligramu za dondoo kwa kila kilo ya uzito wake. Tuseme ni 250. Ukitaka kipimo cha binadamu, kwa kawaida unagawanya kwa 6 hivi, kwa sababu mwili mdogo huchoma na kutoa kemikali haraka zaidi. Unabaki na miligramu 40 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama gramu 2.4. Hizo ni gramu za dondoo lililokamuliwa kwa spiriti na kukaushwa, si za unga. Ikiwa gramu 10 za majani makavu hutoa gramu 1 ya dondoo, mama angehitaji gramu 24 za unga kila siku, na bado usingekuwa na uhakika kwamba tumbo lake limenyonya kile alichonyonya panya. Ndiyo maana swali la vijiko halina jibu la kweli.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Chukua parasetamoli, sumu inayopendwa sana na watafiti wa ini. Yenyewe haina shida. Ikizidi, vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazobadilisha kemikali mwilini, huigeuza kemikali kali inayomaliza akiba ya glutathioni, kitu ambacho ini hutumia kuzima sumu, kisha seli zinakufa. Sasa mpe panya dondoo la mmea siku kadhaa kabla ya sumu. Dondoo likizuia vile vimeng'enya, sumu haitengenezwi, na ini linatoka salama. Mtafiti anaandika kwamba mmea "umelikinga ini", kumbe umeizuia dawa isibadilike. Kwa mgonjwa wa TB, kuvuruga vimeng'enya ni hatari ya pande zote mbili: dawa inaweza kujaa mwilini, au ikapungua hadi vijidudu vikazoea.

Haimaanishi kwamba mimea haina chake. Mwaka 1968 watafiti wa Munich, Ujerumani, walitenga silimarini kutoka kwenye mbegu za Silybum marianum, mmea wa miiba wenye ua la zambarau. Sehemu yake moja, silibinini, huzuia sumu ya uyoga wa Amanita phalloides isiingie kwenye seli za ini, na hospitali za Ulaya huwapa kwa mshipa waliokula uyoga huo. Lakini silimarini hiyohiyo ilipojaribiwa Marekani kwa watu 154 wenye homa ya ini C, kwa vidonge vya kiwango cha juu, haikufanya vizuri kuliko kidonge kitupu. Matokeo yalitoka 2012. Sumu moja ikizuilika, nyingine haijali. Hata bizari ya manjano, inayosifiwa kila kona, vidonge vyake vya dondoo vimewahi kuwaumiza watu ini huko Italia na Marekani.

Kwa hiyo unga huo uweke kando hadi amalize dozi. Akila majani ya mlonge kama mboga, sina neno. Pombe asiguse kabisa, na parasetamoli asimeze kiholela. Waulize kliniki kuhusu vitamini B6. Hiyo inalinda mishipa ya fahamu dhidi ya isoniazidi, si ini, ila wengi huisahau.

Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, ni rifampisini tu. Mtazame weupe wa macho. Ukigeuka manjano, au akianza kutapika, kukosa hamu ya kula, au kuumwa chini ya mbavu za kulia, mpeleke kliniki ya TB siku hiyohiyo, kabla hajameza dozi inayofuata, wampime damu. Na kama alikuwa ameshaanza kuutumia huo unga, beba pakiti yake uwaonyeshe.