Mashindano ya gofu ya kanda kwenye uwanja wa mashimo tisa: anza na jua

Mkuu, umesema klabu yenu imepewa mashindano ya ridhaa ya kanda, siku mbili, uwanja wa mashimo tisa, maombi yameshafika 120, na unauliza wadhamini mtawapataje. Wadhamini watapatikana. Mtakachopungukiwa ni mwanga. Nimekaa kwenye kamati ya mashindano huku kaskazini mwa Tanzania kwa miaka kadhaa, na vurugu karibu zote nilizoziona chanzo chake kilikuwa droo, yaani orodha ya makundi na saa zao za kuanza, yenye watu wengi kuliko saa za mchana.

Waskoti wakicheza mwezi wa Juni wana mwanga mpaka karibu saa nne usiku. Sisi tunapewa saa 12 mwaka mzima, basi. Kwa hiyo piga hesabu hivi: kundi la kwanza la watu watatu liondoke saa 12:45 asubuhi, na makundi yafuatane kila dakika 10. Mashimo tisa yanachukua saa mbili na robo wakienda vizuri, maana yake saa 3:00 kundi la kwanza linarudi tii namba moja, pale pa kupigia mpira wa kwanza, kuanza tisa za pili ili kutimiza mashimo 18. Kabla ya hapo umeachia makundi 13, watu 39. La mwisho kati ya hayo linaanza tisa za pili saa 5:00, kisha saa 5:15 unafungua awamu nyingine ya watu 39, nao wanamaliza saa 11:45 jioni. Jumla 78. Hapo hakuna mvua, hakuna mzee anayetafuta mpira kichakani, hakuna mgeni rasmi aliyechelewa.

Kuna mtu kwenye kamati atasema mwachie kila dakika 8. Mkatalieni. Kwenye par 3 ya kwanza, yaani shimo fupi la mikwaju mitatu, kundi la nyuma haliwezi kupiga mpaka la mbele litoke kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, kwa hiyo dakika mlizookoa kwenye tii zitaliwa pale pale, na utakuta makundi matatu yamekaa chini ya mti yanapiga soga.

Sasa, kutoka 120 hadi 78 mnafikaje? Msitumie utaratibu wa aliyewahi kujiandikisha. Ukiutumia, simu ya nahodha haitapumzika: mheshimiwa fulani amesahau kujisajili, meneja fulani anataka saa 3 asubuhi kwa sababu saa 1 kuna baridi. Andikeni kwenye fomu tangu mwanzo kwamba maombi yakizidi, hendikapu za juu (mikwaju mingi anayopunguziwa mchezaji dhaifu) ndizo zitakazoachwa, na orodha ya akiba itabandikwa. Hapo hamna haja ya kubishana na mtu, karatasi inajibu.

Nashauri pia neti, yaani mikwaju ukishatoa hendikapu, iishie Jumamosi, mashimo 18, zawadi jioni hiyo hiyo. Jumapili ibaki ya ubingwa peke yake kwa mikwaju ya grosi, yaani yote bila kupunguza hendikapu, wachezaji 36 bora. Makundi 12 yakianza saa 2:00 asubuhi, vinara wanatoka mwisho na wanamaliza kama saa 8:20 mchana. Ikitokea sare mna muda wa kutosha wa kurudi uwanjani. Wenye hendikapu 20 watanung'unika kwamba wamesafiri kutoka mbali kwa siku moja tu. Waambieni kabla hawajalipa ada.

Sheria za mchezo mnazijua, nitagusa chache tu zinazoleta ugomvi. Kutafuta mpira ni dakika tatu tangu 2019, lakini wazee wengi bado wanahesabu tano. Aliyechelewa tii kwa dakika zisizozidi tano anaongezewa mikwaju miwili, akizidisha hapo ameondolewa, hata kama ndiye aliyenunua mahema. Tangu 2023 hesabu ya hendikapu kwenye kadi ni kazi ya kamati, siyo ya mchezaji, kwa hiyo mwekeni mtu makini kwenye meza ya kadi, asiyeshiriki mashindano. Radi ikianza, king'ora kirefu kimoja: wote wanaacha papo hapo, hakuna kumalizia shimo.

Zawadi: kanuni za ridhaa za 2022 zinaruhusu fedha taslimu kwa washindi wa grosi tu, na kikomo ni pauni 700 au dola 1,000. Mshindi wa neti mpeni friji, begi, tiketi, chochote ndani ya kikomo hicho, ila siyo bahasha. Mdhamini aelezwe mapema, kwa sababu wengi wanapenda kupigwa picha na hundi kubwa.

Jambo la makedi, wanaobeba mifuko ya vijiti vya wachezaji, ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mkipokea wageni wengi, wenyeji hawatatosha na watakuja vijana wa mitaani wasiojua hata wasimame wapi mtu anapopiga. Wafundisheni wiki moja kabla. Malipo ya raundi yaandikwe ukutani ili mgeni wa Nairobi na mwenyeji walipe sawa, na chakula chao kiwe kwenye bajeti, siyo mabaki ya wageni. Kedi mwenye njaa saa 9 mchana anatembea polepole, na ratiba yote niliyokuandikia hapo juu inategemea miguu yake.

Tuma droo yenu ikishakuwa tayari, niipitie kabla hamjaibandika.