Toni za Kichina kwa watoto: sikio kabla ya jicho

Swali: Mwalimu, nafundisha Kichina watoto wa miaka 6 na 7 wanaojua kusoma Kiswahili, kwa hiyo nilianza na pinyini, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Mwezi umepita, na kila neno bado wanalitamka Kiswahili. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujapotea mbali, mwalimu mwenzangu. Umetanguliza jicho kabla ya sikio. Mtoto anayesoma Kiswahili akiona shí (kumi) anasema “shi” ya shilingi, ilhali ile i siyo i yetu. Ulimi haushuki, unabaki palepale uliposemea sh. Akifika kwenye lǎoshī (mwalimu), mkazo unakwenda silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea na sauti inashuka mwishoni. Kumbe shī yatakiwa ibaki juu.

Weka pinyini kando kwa wiki kadhaa. Anza na toni mbili tu, yaani mipando na mishuko ya sauti inayobadili maana ya neno, si zote nne: mā (mama), sauti ya juu iliyonyooka, na mǎ (farasi). Bandika picha mbili ukutani, simama nyuma yao wasione mdomo wako, tamka, nao waoneshe kwa kidole. Wasitamke kwanza. Hiyo toni ya tatu vitabu vingi huichora kama bonde, na watoto hulitumbukia bonde hilo mpaka neno linakuwa wimbo. Mimi nawaambia “sauti ya chini” basi, maana ndivyo inavyosikika mara nyingi ndani ya sentensi. Toni ya pili wanayo tayari: ni ile “Ee?” ya mtu ambaye hakusikia. Ya nne ni “La!” ya kukataa kwa ukali. Nǐ hǎo waige tu. Nǐ hapo inapanda kama toni ya pili, lakini kanuni yake si ya umri huo.

Kwa b na p, kila mtoto ashike kipande cha karatasi mbele ya midomo. Akisema pà (kuogopa) karatasi iruke. Akisema bà (baba) itulie. Wanaipenda sana kazi hii, na wanasahihishana wenyewe.

Herufi za Kichina usizicheleweshe, ila ziwe chache: 人 mtu, 山 mlima, 口 kinywa. Hii ya mwisho ichunge, kwani wengi huchora kisanduku kwa mistari minne. Ni mipigo mitatu: wa kushoto kwenda chini, wa juu unaokunja kona na kushuka kulia, kisha wa chini unaofunga.

Pinyini irudi pale watakapotofautisha mā na mǎ kwa kusikia tu, tena bila kubahatisha. Silabi za zhi, chi, shi na ri ziache mwisho.