Uliza Fundi: Slaidi ya trela imegoma nusu njia

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi Phoenix, Arizona, mwaka huu tumenunua trela ya kulala, mtumba lakini bado nzuri. Wikendi iliyopita tukapanda nayo Flagstaff, tumefika usiku baridi kali, mume wangu anabonyeza swichi ya slaidi, yaani kile kichumba cha sebule kinachotoka nje, kikatoka nusu kikasimama, ukibonyeza unasikia tu ka-ka-ka chini ya sakafu. Tukalala hivyo hivyo, kimekaa kama droo ya kabati iliyokwama. Asubuhi tumechomeka umeme wa kambi, baada ya kama saa moja kikatoka chenyewe bila neno! Sasa tumerudi fundi wa huku anasema mota imekufa tununue mpya. Ni kweli? (Mama wa watoto wawili, Phoenix)

JIBU: Marahaba dada. Mota iliyokufa haifufuki asubuhi, kwa hiyo hela yako ishike kwanza. Hiyo ka-ka-ka mara nyingi ni rilei, yaani swichi ndogo inayojiwasha kwa umeme, inajaribu kushika inaachia, inajaribu inaachia, kwa sababu umeme hautoshi. Slaidi inakula ampea nyingi kuliko kitu karibu chochote kingine cha volti 12 humo ndani, taa zinaweza kuwaka vizuri kabisa ukadhani betri iko poa kumbe haina nguvu ya kusukuma chumba kizima na makochi yake. Na joto la Phoenix linaua betri za asidi kimyakimya, maji yanakauka, sahani za ndani zinachoka, halafu unaipeleka Flagstaff, mita kama 2,100 juu ya bahari, kwenye baridi, ndipo inaumbuka. Halafu nikuulize, friji yenu ni ya volti 12? Kama ilikuwa inanguruma njia nzima basi ndiyo iliyomaliza betri, maana ule waya mwembamba unaotoka kwenye plagi ya pini saba ya gari unachaji kidogo sana.

Pima hivi. Nunua multimita, kile kipima umeme, ya bei rahisi tu, betri ikiwa imejaa na imepumzika inatakiwa isome kama volti 12.6. Sasa wewe shikilia zile nyaya mbili za multimita juu ya betri, baba watoto abonyeze swichi, usitoe macho kwenye namba. Ikiporomoka chini ya 11 slaidi ikisukuma, betri imechoka au haijachajiwa. Ikibaki 12 na kitu, nenda ukapime pale kwenye mota yenyewe huku bado anabonyeza, ukikuta kwa mfano 10 ujue umeme unapotelea njiani, na hapo mshukiwa wangu wa kwanza siku zote ni ethi, ile bolti inayofunga waya kwenye chesisi. Chomoa betri, fungua bolti, sugua na msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Nimeshaona mtu kabadili mota mbili kwa sababu ya bolti moja yenye kutu! Kama umeme unafika kamili kwenye mota na bado haizunguki, hapo ndio yule fundi ana haki.

Na siku ikigoma kabisa kurudi ndani, kuna sehemu ya kuingiza hendeli mzungushe kwa mkono, ila mota nyingi za meno zina breki yake, kuna kijiti unakigeuza kuiachia kwanza. Mkimaliza kirudisheni! Ukisahau, slaidi inaweza kuanza kutoka yenyewe mko kwenye hailwei.

SWALI: Kaka, yangu ina mota mbili, moja kila upande wa ukuta, inatoka upande kama inachechemea. Nifanyeje? (Dereva wa lori, Dallas)

JIBU: Kwanza hakikisha trela imesimama sawa, usawazishe ndio utoe slaidi, na chungulia chini kama hakuna kiatu cha mtoto au kopo. Betri pia iwe imejaa, hizi mota zikipata umeme dhaifu ndio zinapishana. Halafu toa mpaka mwisho kabisa na uendelee kubonyeza sekunde kadhaa hata ukisikia imegota, mpaka mota zote mbili zijizime zenyewe, hapo kontrola inazihesabu upya. Tatizo la wengi ni kuiachia katikati, rudisha kidogo, toa kidogo, mara inasahau nani yuko wapi. Ikiwa imepinda kabisa kona moja usiilazimishe, utavunja meno ya reli ya alumini.

SWALI: Mpira wa pembeni ya slaidi umekauka, nimeupaka vaselini, na reli nimeweka grisi ya kutosha. Nimekosea? (Msomaji, Tucson)

JIBU: Mkono wa nyumbani huo, mwili wako utashukuru lakini mpira hapana. Vaselini ni mafuta ya petroli, mpira unavimba unalegea. Ifute yote kwa maji na sabuni laini, ikikauka upake dawa ya mpira isiyo na petroli. Reli za nje ni silikoni kavu ya kupuliza tu, maana grisi na vumbi la Arizona zikikutana ni msasa, kila ukitoa slaidi unajisagia meno. Na ukiwa huko nje na kitambaa mkononi, bonyeza kona za sakafu ya slaidi kwa kidole, pakibonyea ujue maji yameshaingia kwenye mbao, na hilo usilingoje mpaka mvua za Julai.