Fowili ya kupandia, si ya kusimamia

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Ami, nimenunua Escudo ya fowili, injini inasukuma magurudumu yote manne. Masika hii sina wasiwasi." Nikacheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, na kuna mtaro upande wa Mtambile unanijua.

Ilikuwa vuli, nimepakia magunia mawili ya karafuu za mama mkwe. Kilima cha udongo mwekundu nikakipanda bila taabu, gari ndogo mbili zimekwama chini zinasukumwa. Nikawapigia honi, tena ndefu. Kuteremka ng'ambo ya pili sikupunguza mwendo. Si fowili hii? Kwenye kona nikakanyaga breki. Magurudumu yakasimama, gari haikusimama. Nakata usukani, pua inakwenda moja kwa moja, maana gurudumu lililokaza halikati kona. Migomba ndiyo iliyonipokea. Gunia moja likapasuka mtaroni, karafuu zinaelea kwenye maji mekundu, na wale wa gari ndogo wakanipita taratibu. Honi hawakupiga. Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa nisikilize. Fowili inagawa nguvu ya injini kwa magurudumu manne, ndiyo maana unapanda. Breki za magurudumu manne kila gari inazo, hata ile uliyoicheka imekwama. Kinachokusimamisha ni tairi kushika ardhi, na zangu zilikuwa vipara. Mwendo ukiwa mara mbili, masafa ya breki yanafika mara nne. Kwenye utelezi hesabu inaanza tayari ikiwa mbaya.

Kuteremka, fowili ina faida moja tu: tia 4L, yaani fowili ya mwendo mdogo, ukiwa bado juu ya kilima, kabla hujaanza kushuka, gia namba moja, mguu mbali na klachi, injini iyazuie magurudumu yote manne. Breki iguse kidogo. Kama gari ina ABS, breki zinazozuia gurudumu lisikaze, na mambo yameharibika, kanyaga usiachie, hata pedeli ikitetemeka. Kama haina, kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia. Ukifika lami kavu itoe fowili, la sivyo utaua gia boksi ya fowili.

Na tairi, kijana wangu! Watu wetu wana pesa ya muziki na vioo vyeusi, ya tairi hawana. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Mama mkwe mpaka leo akiniona na funguo huuliza: "Leo unapakia nini?"